Nilikimbia Jina la Mumiani

Fleti namba 6,
Wembley, London.
9 Oktoba 1996

Mpendwa mwanangu Suad,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Hujambo? Na babako, miguu yake inaendeleaje? Mimi nipo, ingawa moyo umechoka na madaktari hawanifichi tena. Sina hofu. Nakuandikia nikiwa kitandani, basi nivumilie mwandiko.

Barua yako nimeisoma tena na tena. Malengelenge mikononi, mkojo mweusi kama chai ya rangi, vinyweleo mashavuni. Mchana unajifungia ndani, na jioni majirani wa Mkunazini wakikuona wanawavuta watoto wao. Neno wanalonong'ona nalijua. Na sasa umemwambia mchumba wako Mbarouk atafute mke mwingine.

Suad, ugonjwa huo ninao mimi. Nimemficha hata babako. Ukoo mzima unaamini niliondoka Unguja kwa sababu ya Mapinduzi. Sivyo. Baada ya Mapinduzi nilifundisha mwaka mzima. Nilichokimbia ni wanafunzi wangu kukataa kupokea daftari mkononi mwangu, kwa kuwa mama zao waliwaambia Mwalimu Sheikha ni mumiani, mnyonya damu za watu. Huku kila mtu huvaa glovu wakati wa baridi; nikajificha humo miaka.

Mwishowe daktari mmoja, Kalpana, mzaliwa wa Kisumu, akanipima mkojo. Ugonjwa unaitwa porfiria. Mwili unashindwa kumaliza kutengeneza kitu fulani cha damu, mabaki yake yanajikusanya, na jua likiyapiga, ngozi inaungua. Akaniambia Ulaya nako wazee walisimulia habari za wafu wanaokunywa damu na kuogopa jua. Wako wanaodhani hadithi hizo zilianza kwa wagonjwa kama sisi. Wengine hutaja kichaa cha mbwa, au kifua kikuu kilichomaliza nyumba nzima. Hakuna mwenye hakika. Lakini mimi nililia kwa furaha. Kumbe nilikuwa mgonjwa tu!

Na tiba yake ni kutolewa damu, ili madini ya chuma yapungue mwilini. Muuguzi Teresia, mtu wa Voi, kila akija na sindano alinitania, "Mama, leo mumiani ni mimi. Lete mkono!" Tukicheka, wodi nzima inageuka. Baada ya miezi kadhaa ngozi ilipona.

Nenda hospitali kubwa, Dar ikibidi. Chupa ya mkojo izungushie kitambaa cheusi, isipigwe na mwanga. Siwezi kuapa kuwa ni ugonjwa uleule, ila waambie shangazi yako anao, na unatibika.

Kisha msomee Mbarouk barua hii, yote. Aamue akiwa anajua. Palikuwa na mwalimu mwenzangu aliyetaka kunioa. Nilipanda ndege bila kumwambia kitu. Nilishamwamulia kwamba hatanitaka. Mpaka leo sijui angesema nini.

Nisalimie mamako Zuwena, na babako umwambie dada yake hakumkimbia yeye. Mungu akuponye, akuweke kati ya watu, mchana kweupe.

Akupendaye hata asipokuwepo,
Shangazi yako, Sheikha