Mzigo wa Kwihara

Kanyenye, Tabora
9 Septemba 2024

Mdogo wangu Recheli,

Nimefurahi kwamba unakuja, ila usifikie kwangu. Chukua chumba kwenye nyumba ya wageni ya kanisa kule Cheyo. Maji yapo na shuka ni safi. Nunua asali sokoni, uone boma la Wajerumani, kisha nenda Kwihara ukatembee kwenye njia ya wapagazi wa zamani.

Hapo sasa nisikilize. Ukimkuta mtu amesimama peke yake jua la saa sita, mzigo uko chini, akakuomba umtwike kichwani, msalimie upite. Najua kwetu kukataa kumtwika mtu ni kukosa adabu. Shemeji yako Xavery hakukataa, na tangu Pasaka hajarudi nyumbani.

Jumatatu iliyopita nilimwona. Alikuwa amesimama palepale, mzigo miguuni.

"Mama Eliya, nitwike," akasema.

Ningemkatalia vipi mume wangu? Nilimtwika, akashukuru, akaondoka bila kugeuka. Tangu siku hiyo shingo inaniuma kama ya mtu aliyebeba kitu kutwa nzima.

Ukinikuta njiani, mdogo wangu, nisalimie tu upite.

Dada yako,
Mama Eliya