Mstari wa Chaki Uliofutwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimelificha jambo hili siku kumi na moja: ndoano ya kapi niliipandisha mimi. Si shemeji.

Moyo wangu umechoka. Miguu imevimba hadi magotini, na daktari haniambii tena nirudi lini. Nikifa kimya, lawama itambakia mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

Kapi lenyewe ni nguzo ya kitanda kibovu, gurudumu la kisimani na kamba ya kuanikia nguo. La dukani hatuliwezi. Mke wangu anakaa kitini, navuta kamba, mkono wake uliopooza unapanda. Maneno kiharusi kilimnyang'anya, kwa hiyo tulikubaliana: akipiga kiti mara mbili kwa mkono mzima, naacha kuvuta.

Shemeji, kaka yake, ni seremala. Alitoboa matundu manne, akatia ndoano kwenye la chini kabisa, akachora mstari wa chaki. Mkono usipite bega! Ndivyo alivyoagiza dada wa mazoezi wa hospitali: kiungo kimelegea, ukikivuta juu kitachomoka.

Mimi nikaona wananichezea. Mimi, mwalimu wa fizikia! Nikaipandisha ndoano, na bega likachomoka.

Jumanne, 4 Machi

Bega la mke wangu bado limevimba. Hataki kitu. Vibanio vya nguo vya kuzoeza vidole — kavitupa. Chupa ya mchanga ya kuinua — kaisukuma, ikapasuka. Nimefagia nikiwa nimekaa kwenye kigoda, dakika arobaini, na mchanga bado umejaa chini ya kabati. Kero tupu!

Miezi mitano ya kazi ya mikono yetu, na tumerudi tulikoanzia. Nyuma zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yetu amemkuta mjomba wake mlangoni. Sikupata hata nafasi ya kumkaribisha.

"Mjomba, kwako kila kitu ni takribani! Huyu ni mama, si kabati!"

Shemeji akasema kabati zake hazijawahi kulalamika. Hakuna aliyecheka. Akaitazama ndoano, tundu la tatu. Akautafuta mstari wake. Hakuuona.

"Labda nilikosea," akasema. "Macho yangu siku hizi, mwalimu..."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikanywa chai.

Mstari niliufuta kwa kiganja, baada ya bega kuchomoka. Miaka thelathini na minne nimefuta ubao, sikuwahi kufuta haraka namna ile.

Jumamosi, 8 Machi

Pumzi fupi. Nimeandika mistari miwili, nimepumzika.

Binti anasema kapi likapasuliwe kuni na mjomba asiguse tena kifaa cha mama. Basi nani atavitengeneza vifaa vyake? Mimi?

Jumapili, 9 Machi

Nimemwita shemeji. Kaja na futi ya kupimia, maskini, apime upya alipokosea!

Nikamwambia. Ndoano, mstari, vyote. Mbele ya mke wangu.

Alikunja futi taratibu. "Kwa nini, mwalimu?"

Nikasema nilitaka kumwona akijigusa nywele kabla sijaondoka. Kwa kuishia begani ingechukua mwaka, na mwaka sina. Hilo ni kweli.

"Shule yote ile," akasema, "chaki ukashindwa kuisoma." Nilidhani atanitukana zaidi. Badala yake akamgeukia dada yake, akamtengeneza mto chini ya kiwiko. Kisha akauliza, bila kunitazama:

"Na alipoumia, hakupiga kiti?"

"Hakupiga," nikasema.

Kaenda jikoni kumtafutia maji. Namsikia akifungua makabati, hajui vikombe vilipo. Mke wangu hajaniondolea macho. Mkono wake mzima uko juu ya kiti, umetulia.

Alipiga. Mara mbili, halafu mara mbili tena. Nilikuwa nimefika mvuto wa kumi na nne. Nilimsikia vizuri kabisa, nikahesabu hadi ishirini.