Mwalimu Sudi Hakuupata Msamaha Wangu

Baba yangu, beki wangu,

Mwalimu Sudi amekufa. Leo tumemzika kwao Kimbiji. Nilivaa ile kanzu yako yenye kiraka kwapani, na usidhani nilikwenda kulia.

Ulikuwa ukitanua miguu mbele ya goli letu pale Temeke na kufoka, "Hapiti mtu!" Na kweli, hapiti mtu. Washambuliaji wetu walibebwa mabegani kwa shangwe, wewe ukarudi nyumbani ukichechemea, mama akakukanda kwa maji ya chumvi. Ulisema kazi ya beki ni kuumia ili mwenzio afunge.

Halafu ikaja ile fainali. Goti lilikuwa limevimba kama fenesi, na Mwalimu, kocha wako, akakuchoma sindano ya ganzi kwa mkono wake. "Kipindi kimoja tu, Bakari wangu, halafu utapumzika." Kombe mkalichukua. Ukapumzika kweli, maisha yako yote, na mkongojo mkononi, hadi tulipokuzika.

Nakumbuka tulivyokwenda kwake kumwomba akupe hata kazi ya kufundisha watoto. Alituchungulia dirishani, nikamwona. Kisha mlinzi akatoka getini: "Mzee anasema hawajui nyinyi." Ukanishika bega. "Twende, mwanangu. Mungu yupo." Wewe ulimwachia Mungu. Mimi sikumwachia mtu.

Leo, kabla ya kumswalia, mwanawe mkubwa alisimama kama ilivyo ada. "Jamani, baba alikuwa binadamu. Aliyekosewa naye amsamehe."

"Tumemsamehe!" Msikiti mzima.

"Mie sijamsamehe," nikasema.

Mzee mmoja akanivuta kanzu. "Kijana, muogope Mungu. Maiti hawezi kujitetea."

"Shikamoo, mzee. Hata baba yangu hakuwa na wa kumtetea pale getini."

Mwanawe akaanza kulia, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia aseme mbele ya watu goti la Bakari liliharibiwa na nani. Alijua, Temeke nzima inajua. Akasema, "Ni baba," hadi waliokuwa barazani wakasikia. Kisha akanitazama, na wote wakageuka, wakingoja neno langu moja la msamaha.

Nilikuona, baba, umetanua miguu mbele ya goli. Neno hilo sikulitoa. Wakamswalia hivyo hivyo.

Wanasema kinyongo ni mzigo. Mbona nimerudi nyumbani mwepesi? Lala salama. Upande wangu hakupita.

Mwanao, niliyekuwa nikikubebea viatu.