Mwenyekiti wa Wagonjwa wa Sukari na Kidole Chake

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya kliniki ya mwisho wa mwezi, maana zimebaki wiki mbili tu na heshima yangu imo hatarini. Mimi ni kinyozi, nina miaka hamsini na sita, naugua kisukari huu mwaka wa nne, na katika zahanati yetu hakuna mgonjwa anayesifiwa kama mimi, kwani kila baada ya miezi mitatu muuguzi mkuu akinitoboa kidole na kuona kipimo huwageukia wenzangu walioketi kwenye mabenchi na kusema, "Jamani, mtazameni mzee huyu! Nyinyi mnashindwa nini?" mpaka mwaka jana wakanichagua kuwa mwenyekiti wa chama cha wagonjwa wa sukari, na sasa mimi ndiye ninayewafundisha namna ya kula. Lakini ukweli, mshauri, ambao hata mke wangu anaujua nusu tu, ni kwamba mimi hula nipendavyo, keki, soda na chai ya vijiko vinne, na vidonge humeza nikikumbuka, kisha siku tatu kabla ya kliniki naacha kula kabisa, nakunywa maji matupu na kumeza vidonge mara mbili ya nilivyoandikiwa, basi kipimo kinatoka kizuri kama cha mtoto mchanga. Safari iliyopita mambo yalinizidi kidogo, jasho likanitoka na mkono ukatetemeka huku nimeshika wembe, mteja akaniuliza, "Mzee wangu, leo unaninyoa au unanichinja?" nikamjibu kwamba ni baridi, naye akasema, "Baridi gani hii ya kutoa jasho?" akaondoka na nusu ya ndevu.

Sasa amekuja daktari mpya, binti mdogo tu, ametangaza kwamba safari hii atatoa damu mkononi na kupima sukari ya miezi mitatu yote, na wenzangu wameshangilia, "Mwenyekiti aanze!" Naomba unieleze ni kinywaji gani kinachoweza kusafisha miezi mitatu kwa wiki mbili. Jambo jingine dogo, wala si la haraka, ni kidole gumba cha mguu wa kushoto, nilichokwaruzwa na kiatu kipya wiki saba zilizopita na kidonda hakijafunga. Mke wangu ananiambia, "Baba watoto, hiki kinanuka," nami namwambia kinachonuka ni soksi, kwa sababu hakiumi hata nikikibonyeza, kwa hiyo nashukuru kinaendelea vizuri.

Ni mimi, Mwenyekiti.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikaitoa kwenye foleni na kuijibu kabla ya nyingine zote. Umeniandikia mengi kuhusu cheo na machache kuhusu kidole. Mimi nitaanza na kidole, kwa sababu cheo hakiozi.

Kidonda cha wiki saba kisichouma hakiendelei vizuri. Maumivu ni mlinzi wa mwili, na wako amelala, kwa kuwa sukari nyingi imeitia ganzi mishipa ya fahamu ya mguuni. Sukari hiyohiyo huharibu na kubana mishipa ya damu, hivyo chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hufika kwenye kidonda zimechelewa na zimechoka. Vijidudu havijachoka. Mkeo amekuambia kinanuka, nawe ukaisingizia soksi! Mwombe radhi mama wa watu.

Ama kinywaji cha kusafisha miezi mitatu, hakipo, na kingekuwapo nisingekuambia. Sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi kiasi cha miezi mitatu hadi minne kabla ya kufa. Keki zako zote zimo humo, kila moja na soda yake. Ule mtetemeko nao haukuwa mambo kukuzidi kidogo. Ilikuwa sukari iliyoshuka kupita kiasi kwa sababu ya njaa na vidonge ulivyojiongezea. Ungeweza kuzirai, na wembe ungeishia kwenye koo la mtu aliyekuja kunyolewa tu. Halafu unafundisha! Kwenye mabenchi yale wapo watu wanaokula kwa kipimo na kumeza dawa kwa saa, na kila wakilinganishwa na namba zako za uongo wanajiona wazembe. Hilo limeniudhi kuliko keki.

Sasa sikiliza. Usiingoje kliniki. Leo hii vua soksi, uende hospitali pamoja na mkeo, na yeye ndiye aeleze, maana wewe ukifungua mdomo utasema hakiumi. Usijinyime chakula tena kwa ajili ya kipimo, wala usiongeze kidonge hata kimoja bila kuandikiwa. Huyo unayemwita binti mdogo mwite Daktari, umweleze yote uliyonieleza mimi. Siku ya kliniki ukiwa na nafuu, toa damu yako kama ilivyo, kisha simama uwaambie wenzako namna ulivyokuwa ukizipata zile sifa. Watakucheka, na pengine watakuondoa madarakani.

Waache wakuondoe. Uenyekiti unaweza kuugombea tena mwakani, lakini kidole kikishakatwa hakirudi kugombea.