Papa Kalenga, Wameipaka Mizani Yako Mafuta

Papa Kalenga,

Wameipaka mizani yako mafuta. Naanza na hilo kabla ya salamu, kwa sababu najua ndilo ungetaka kulisikia kwanza. Mafuta ya bunduki, Papa, yale ya kopo la kupuliza, kwenye zile ncha mbili zinazobeba mkono wa mizani. Miaka yote niliyokaa mezani pako ukinifundisha kupima baruti, hukuruhusu hata kidole changu kizifikie.

Aliyefanya hivyo anaitwa Side. Humjui, na hujakosa kitu. Ni Mtanzania mwenzangu, mtu wa Dar, na naona haya kuliandika hilo. Dona, bosi wetu, alimleta wiki ya tatu baada ya kukuzika, akamkalisha kwenye kiti chako. Anavaa tai ndani ya karakana ya kujaza risasi, Rosettenville hapa ugenini, chumba kilichojaa vumbi la shaba. Ananukia kama anakwenda harusini. Kabla ya hapo alikuwa akilinda geti, kazi isiyo na aibu yoyote, ila geti halipimi baruti. Alipoiona mizani yako imekauka akasema wazee mlikuwa wavivu, kila chuma kinataka mafuta. Ulishanieleza kwamba mafuta hukamata vumbi na mkono ukaganda, nililijua hilo vizuri, lakini nilinyamaza kama mgeni. Simdharau Side peke yake, Papa. Siku ile nilijidharau na mimi.

Bila shaka mizani iliganda. Side akafurahi, akaenda kununua ya umeme. Unajua aliichaguaje? Aliangalia ipi ina namba kubwa na taa ya buluu. Akaniambia, "Dada, hii ndiyo ya kisasa. Hilo lenu peleka makumbusho."

Nikakumbuka siku uliponichukua twende kwa yule mjane wa Kireno aliyekuwa akiuza vifaa vya marehemu mumewe. Alitoa mizani tatu, mbili zinang'aa. Wewe ulitoa mfukoni jiwe lako dogo la mizani, ukalishika kwa kibano, ukaliweka mara kumi kwenye kila moja. Mjane alituletea chai, ikapoa tukiwa bado tunapima. Zile za kung'aa kila mara zilikuwa na jibu jipya. Ile ya tatu, iliyobanduka rangi, ilirudi palepale mara zote kumi. Ukasema kwa Kiswahili cha kwenu, "Hii haibadilishaka maneno." Ukaipakata njia nzima ya kurudi, umeifunga kwa koti lako, na mimi nikitetemeka kwa baridi kwa sababu koti langu nalo ulilichukua.

Side nilimpa lile jiwe ajaribie mizani yake. Akalishika kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi. Mizani yake ameiweka dirishani, chini ya feni, simu pembeni. Anaiwasha na kupima hapohapo, haisubiri itulie. Umeme ukikatika na kurudi, anaendelea alipoishia. Namba zinacheza, naye anachukua ile iliyompendeza. Wewe Januari yote ulizima feni, tukachuruzika jasho, na bado ukanigombeza: "Usipumue pa mizani, mwana. Iko nasikia."

Yote hayo ningeyavumilia. Kila boksi linatoka na kadi yenye muhuri wa aliyepima, kwa hiyo nilijiambia huyu akiharibu ataharibu kwa jina lake.

Jumamosi akaja yule mkulima wako wa kofia, anayekuletea nyama kavu. Alikuwa na boksi ambalo hajalimaliza. Akaniomba nikupe salamu, akasema huku akicheka kwamba risasi za safari hii zinampiga bega sana, labda ni uzee. Nikaiangalia kadi. Muhuri wako, Papa. KALENGA. Tarehe ya wiki mbili nyuma, na wewe uko chini ya udongo miezi miwili na nusu.

Nilishindwa kumwambia umekufa. Nilimwomba tu aniachie boksi. Alipoondoka niliichukua mizani yako kabatini, nikaisafisha zile ncha kwa spiriti na brashi laini, nikaiacha ikauke chini ya kitambaa. Nikaweka jiwe. Mara ya nane ikasema uongo. Nikasafisha tena. Safari hii ilirudi palepale mara kumi, na hapo ndipo nilipolia, sikulia vile hata siku ya maziko.

Kisha nikafungua risasi kumi za lile boksi, nikapima baruti yake. Hazikulingana hata mbili. Moja ilizidi mno; niliwaza jicho la yule mzee karibu na bunduki inayoweza kupasuka, na jina lako mfukoni mwake.

Nilipomwonyesha kadi, Side alijitetea kwamba wateja wamelizoea jina. Dona naye akarudia hayohayo, macho kwenye kalenda. Nikawaambia wachague: muhuri wa marehemu au mimi, na orodha ya wateja ninayo, nitawapigia mmoja mmoja. Dona akachukua simu, akaanza kuwaita wateja mwenyewe. Maboksi yote yamerudishwa. Side sasa yuko kaunta ya mbele anauza soksi za kuwindia. Kule tai inamfaa.

Wanao wazima. Msibani walisema kwa Kizulu na Kiingereza, vizuri tu, ila aliyekulilia kwa Kiswahili nilikuwa mimi peke yangu. Ndiyo maana nakuandikia. Nimekukosa, Papa. Chumba kile kimya chake siku hizi ni kibaya.

Muhuri wako nimekuletea. Naufukia hapa kichwani pako pamoja na barua hii. Lala sasa. Nakuahidi hakuna boksi litakalotoka tena na jina lako, na feni ile haitawashwa nikiwa hai.

Sijakwambia: Jumatano mkulima alirudi. Nilimwambia ukweli, akavua kofia, akaiweka magotini. Kisha nikampa boksi jipya nililolipima mwenyewe. Akaisoma kadi, akauliza Mwanaidi ni nani. Nikamwambia ni mimi. Alinitazama, akalitia boksi kwapani, akaondoka bila kulifungua kulikagua. Yako pia hakuwahi kuyakagua.