Maksai Aliyelala Shambani

Glory, uko hewani? Nimetoka wodini sasa hivi, nashindwa hata kukaa.

Baba aliziacha zile dawa za moyo. ALIZIACHA. Tangu watu waanze kulima kule Majimoto. Eti zinamlegeza, atashikaje plau! Na sisi tulikuwa tunamsifia, mzee kapata nguvu.

Daktari wala hakufoka. Kamuuliza tu, "Mzee, maksai akichoka unamchapa?" Kisha akamweleza. Moyo wake umechoka siku nyingi. Mwili ukiona hivyo unamwaga homoni za kuukimbiza, ndiyo fimbo yenyewe. Moyo umechapwa mpaka vile vipokezi vyake vinavyosikia homoni vimepungua. Sasa fimbo inapigwa, moyo hausogei. "Zile dawa zilikuwa zinaizuia fimbo, mzee wangu. Ule ulegevu ndio moyo ulikuwa unapumzika."

Glory, unapumzika!! Na yeye akautoa mapumzikoni akaupeleka shambani.

Nikadhani baba atabisha, si unamjua. Akatazama miguu yake ilivyovimba, akasema taratibu, "Maksai akilala shambani mimi simchapi. Namfungua nira."

Daktari akasema watajaribu kumwanzishia dawa tena, kidogo kidogo. Baba kama hakusikia. Kanigeukia mimi.

"Dafrosa, nifungue mwanangu. Twende nyumbani."

Nimemwambia naenda kumchukulia maji. Niko hapa nje ya wodi, chupa imeshajaa, miguu haitaki kurudi ndani.