Manase wa Kwenye Chungu

Jumapili, 15 Februari 2026. Mwezi wa nne tangu niondoke nyumbani Lusu. Asubuhi mvua imenyesha, sasa jua linawaka, na mimi nimelala chali nje ya kibanda, nacheka peke yangu.

Nimechoka. Lakini miguu imenirudia.

Mwezi uliopita haikuwa hivi. Huku Sikonge kazi yangu ni kupanda juu ndani ya bani, jengo la kukaushia tumbaku, na kupanga fito zenye majani mabichi. Nikiwa huko juu, kigimbi kilikuwa kikikaza kama jiwe. Mara mbili nusura nianguke. Nyapara akasema ikitokea tena nifunge mizigo. Msimu ukinikatikia njiani, narudi kwako, mke wangu, na nini?

Nikaenda zahanati. Muuguzi akauliza ninakula nini. Nikajibu kwa maringo: ugali wa sembe, mweupe! Akatikisa kichwa. Akasema misuli inataka maji ya kutosha, na inataka madini ya magnesiamu ili ikishakaza iweze kulegea. Yamo kwenye dona, maharage, mbegu za maboga, mboga za majani. Tukikoboa mahindi, mengi yanaondoka na pumba. Hakuniahidi kupona. Alisema nijaribu, nisipopata nafuu nirudi.

Shule niliishia darasa la tano. Jina la yale madini lilinitoka njiani, nikafika kwa mpishi wetu, Mama Kulwa, nikamwambia ninamhitaji Manase.

"Manase ndiye nani, baba?"

"Yumo kwenye dona."

"Haya, nitamsonga vizuri."

Kambi nzima ilinizomea, eti dona ni ugali wa jela. Mama Kulwa hakujali. Akakaanga mbegu za maboga alizokuwa akiwamwagia kuku. Akapika nsansa, yale majani makavu ya kunde, kwa karanga. Siku hizi walionizomea ndio wa kwanza kuuliza, "Manase ameiva?"

Jana nyapara akatukuta tunakula.

"Huyu Manase anayelishwa hapa kila siku ni nani? Mimi sijamwajiri!"

Mama Kulwa akamsogezea sahani. "Mle Manase kwanza, bosi, halafu umuulize mwenyewe."

Mwenzangu mmoja alipaliwa kwa kicheko.

Wiki hii nimepanda juu kila siku, kigimbi kimya. Sijui ni dona, sijui ni maji ninayokunywa sasa. Nyapara alipomaliza sahani yake akaniambia nibaki mpaka bani la mwisho.

Kwa hiyo, mke wangu, atakayekwambia nimefukuzwa kazi, mcheke. Tumbaku ya mwisho tutaishusha mwishoni mwa Aprili. Mei ikianza, niko Lusu.